Aliyeacha wokovu bado anadaiwa utu
Barua kutoka Göteborg

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada mlioko Kagera, Kigoma na kote Maziwa Makuu,

Nawaandikia kuhusu jambo linalosemwa kwa minong'ono katika familia nyingi zenye watu ughaibuni: kijana aliyelelewa katika wokovu, aliyekuwa akishuhudia na kuongoza maombi ya alfajiri, ameacha kuamini. Habari zikifika nyumbani husemwa kwamba amerudi nyuma, na mara yanafuata mengine: atakuwa mlevi, atavunja ndoa yake, atamsahau mama yake. Mimi ni mmoja wa walioacha. Siandiki ili kumtoa mtu katika imani yake; anayepata nguvu humo na aishike. Ninachotetea ni hiki: maadili ya mtu hayafi pale imani kali inapokufa ndani yake, na hata sala inaweza kubaki ikiwa na kazi ya kufanya. Ushahidi nitautoa kwetu, katika nchi zetu wenyewe.

Kwanza tuitendee haki dini iliyotulea. Uamsho wa Afrika Mashariki uliota mizizi Gahini, mashariki mwa Rwanda, miaka ya 1930, baada ya Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 na kuomba pamoja. Kutoka hapo ulienea Uganda, Kenya, Burundi na Bukoba. Tunakumbuka makatazo yake: pombe, ngoma, hereni, dansi. Lakini kiini chake kilikuwa kingine. Mtu alisimama mbele ya ndugu akataja kosa lake kwa jina lake, kisha akaenda kulirekebisha. Waliookoka walirudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Wakati wa vita vya Mau Mau, walokole, yaani waliookoka, wengi wa Kenya ya kati walikataa kiapo cha wapiganaji, na wengi pia wakakataa kubeba silaha upande wa serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huu. Anayeidharau historia hiyo haijui. Hoja yangu inaanzia hapo hapo: katika yote hayo, ni nini hasa kilichowafanya watu hawa wawe wema?

Jibu tulilofundishwa ni hofu ya Mungu. Hofu ikiondoka, tukaambiwa, wema nao unaondoka. Imani hii bado ina nguvu sana kwetu. Shirika la utafiti la Pew lilipouliza watu wa nchi 34 mwaka 2019 kama ni lazima kumwamini Mungu ili mtu awe na maadili mema, Wakenya 95 katika kila 100 walisema ndiyo. Huku Sweden ninakoishi waliosema hivyo walikuwa 9 katika 100. Kama Wakenya wale wamesema kweli, jambo moja lingepaswa kuonekana wazi katika historia: penye waumini wengi na makanisa yaliyojaa, damu ya jirani ingekuwa salama kuliko kwingine. Bahati mbaya historia ya ukanda wetu imekwisha kulipima jambo hilo, tena kwa gharama ambayo hatuna haki ya kuisahau.

Rwanda, nchi ile ile ya Gahini, ilikuwa mwaka 1994 miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi zaidi barani: takriban watu tisa katika kila kumi. Katika siku zipatazo 100, kati ya Aprili na Julai, mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa, na wengi wao waliuawa makanisani walikokimbilia. Ukienda Nyamata, kusini mwa Kigali, utakuta nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi ya kanisa, magauni ya watoto na mashati ya wazee, yakiwa na rangi ya vumbi jekundu, na madhabahuni kitambaa chenye madoa ya damu. Baadhi ya kesi za mauaji hayo zilisikilizwa kwetu, Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilimtia hatiani padri Athanase Seromba wa Nyange, ambaye kanisa lake lilibomolewa kwa katapila likiwa limejaa watu, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Ilimtia hatiani pia mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Mugonero, ambaye wachungaji wenzake Watutsi walikuwa wamemwandikia barua wakimwomba awaombee kwa wakuu wa serikali. Hawa hawakuwa watu wasiojua habari za jehanamu. Walikuwa wameihubiri maisha yao yote. Machi 2017 Papa Fransisko mwenyewe aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa na za watumishi wake katika mauaji yale.

Najua jibu litakalonijia haraka, maana ni jibu la kawaida la ibada zetu: wale hawakuwa wameokoka kweli. Nalichukua jibu hili kwa uzito wote, kwa kuwa nadhani ni sahihi kuliko wanavyodhani wanaolitoa. Mnaposema aliyeua hakuwa Mkristo wa kweli, mmejuaje? Hamkuisoma mioyo yao. Hamkuangalia cheti cha ubatizo, maana walikuwa nacho, wala kanzu ya uchungaji, maana waliivaa. Mmeangalia matendo yao. Maana yake ni kwamba mnacho kipimo cha wema kilichotangulia dini, na kwa kipimo hicho mnaihukumu hata dini yenyewe: huyu ni wa kweli, yule ni wa uongo. Kipimo hicho ndicho ninachobaki nacho mimi niliyeacha. Sikukiokota Ulaya, nilikikuta nyumbani, mikononi mwenu.

Kipimo hicho hicho kinanilazimisha pia kuwatendea haki waumini. Felicitas Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki wa Gisenyi, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka hadi Goma. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimsihi aondoke apone. Alikataa, akauawa pamoja na aliowahifadhi. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mwenyewe mhubiri, alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden, akawatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Imani yao ni ya kweli na imezaa matunda. Lakini mwekeni kando yao Zura Karuhimbi, mganga wa kienyeji wa Musamo, Rwanda, mwanamke ambaye makanisani angeitwa mchawi. Aliwaficha watu zaidi ya 100 katika nyumba yake. Wauaji walipofika alijipaka mmea unaowasha ngozi, akawagusa ili wawashwe, akatikisa bangili zake na kuwatishia ghadhabu ya mizimu. Wakaondoka. Mkatoliki, Mpentekoste na mganga: theolojia zao hazipatani kabisa, ila kila mmoja alimtazama aliyekuwa mbele yake akaona mtu. Hicho ndicho wanachoshiriki, na hicho hakina dhehebu.

Wengine wataniambia: unasema haya kwa kuwa uko Sweden, nchi yenye polisi, bima na mahakama, na wema wa Waswidi ni akiba waliyowekewa na mababu wao wa Kilutheri. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Nchi hii ilikuwa na kanisa la dola hadi mwaka 2000, na zamani mchungaji alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwapima watu katekisimu. Tena si peponi hapa: ufyatuaji risasi wa magenge umekuwa tatizo kubwa, na kiburi dhidi ya wageni kipo. Hata hivyo, waumini wamepungua kwa vizazi kadhaa, na rushwa haikuongezeka kwa kadiri ile ile. Sweden bado iko katika nchi kumi bora za orodha ya rushwa ya Transparency International, wakati Kenya yenye makanisa kila kona imekuwa nje ya nchi 100 za mwanzo. Sisemi ukosefu wa imani ndio uliowafanya waadilifu. Shule, mishahara inayotosha na mahakama zinazoaminika vimefanya kazi kubwa. Na kama ni kweli kwamba wema huu ulitoka kanisani, basi mnanisaidia kuthibitisha ninachosema: wema unaweza kudumu hata baada ya imani iliyouzaa kupungua, mradi watu waendelee kuutunza kwa vitendo.

Hapo ndipo sala inapoingia. Nikisema bado nina saa ya sala, mwamini ataniuliza ninamwomba nani, na rafiki zangu wasioamini wataniuliza swali hilo hilo. Si mimi peke yangu: utafiti wa Pew wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Marekani, kati ya watu wasio na dini yoyote, karibu mmoja katika kila watano husali kila siku. Sala tuliyolelewa nayo ilikuwa na mambo kadhaa ndani yake. Ilikuwa na maombi ya kupewa: kazi, viza, uponyaji. Hayo nimeyaacha, kwa sababu siamini tena kwamba yupo anayegawa viza kwa wanaofunga na kuwanyima wasiofunga. Lakini ilikuwa pia na shukrani, na toba, na kuwataja watu kwa majina: mgonjwa fulani, mjane fulani, mtoto aliyekosa ada. Haya matatu yanamfanyia kazi anayesali. Anayemtaja mjane kila asubuhi hawezi kwa urahisi kupitisha mwezi bila kumpigia simu. Anayekiri kila jioni kwamba alimsema vibaya mwenzake anajua kesho ana mtu wa kwenda kumwomba radhi. Waislamu wacha Mungu nao wanalijua zoezi la kuihesabu nafsi kabla ya kulala. Mtu akiniambia huko ni kuongea peke yangu, sitabisha sana. Ila kujiambia ukweli juu yangu mwenyewe, bila shahidi na bila kusifiwa, ni kazi ngumu, na mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa uamsho.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili: asiye na Neno juu yake atajitungia sheria, na sheria ya kujitungia humwachia mwenyewe mlango wa nyuma. Ni hatari ya kweli. Dhamiri ya mtu huweza kudanganywa na tamaa yake, na wapo waliotoka kanisani wakaona uhuru maana yake ni kutowajibika kwa yeyote: wametelekeza watoto, wamekopa wasilipe. Siwatetei. Lakini Neno nalo hupita mikononi mwa msomaji. Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu waliohubiriwa na mchungaji wao wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Walikuwa na Biblia. Walichonyimwa ni ruhusa ya kumhoji mchungaji. Kinachomlinda mtu, mwenye dini au asiye nayo, ni kuwa na watu wanaoweza kumwambia umekosea, na yeye akawasikiliza. Walokole wa kwanza walilijua hili. Ndiyo maana waliungama mbele ya ndugu. Kwa hiyo nawaambia wenzangu mlioacha: mkiacha ibada msiache ndugu wa kuwakosoa. Muungamieni mliyemkosea, ana kwa ana, na mlipe mlichokula. Msamaha wa siri mlioupata zamani kwa kupiga magoti bila kumrudia mwenye haki ulikuwa rahisi mno hata tulipoamini.

Mtaniuliza, basi kwa nini usirudi tu, ukae kiti cha nyuma, uimbe na wenzako, mama afurahi? Kwa sababu nyinyi ndio mlionifundisha kwamba uongo mbele ya madhabahu ni mbaya kuliko kutokwenda madhabahuni. Anayeitikia amina kwa jambo asiloliamini ili asikose mchango wa harusi anafundishwa unafiki na watu wanaouchukia unafiki. Na familia inayomwambia mtoto wake aseme uongo au akae mbali itapata kimojawapo, na vyote viwili ni hasara.

Ombi langu kwenu wazee ni dogo na linawezekana. Kijana akiwaambia ameacha, msimfute katika kamati za misiba na ndoa, msimfiche mbele ya wageni, msimtumie mhubiri kwa simu usiku. Chakula kikiombewa atainamisha kichwa kwa heshima yenu, naye asilazimishwe kuongoza. Mkitaka kujua hali ya roho yake, muulizeni maswali mliyokuwa mkiulizana katika ushirika wenu tangu zamani: una deni la nani? Umemkosea nani ambaye hujamwendea? Nani anakutegemea, na umemfanyia nini mwezi huu? Akishindwa kujibu, mkaripieni kama mtoto wenu, naye atakuwa amestahili. Akijibu vizuri, basi kazi mliyoifanya juu yake haikupotea, na mna haki ya kujivunia hata akiwa nje ya kanisa.



Mtoto wenu aliye Göteborg