Vichaka Vilivyoungua Havijafa

Moto ukipita mlimani na picha za vijiti vyeusi zikaanza kuzagaa, wito huwa ni uleule: mazingira yamekufa, twende tukapande miti. Naupinga. Katika msitu wa mvua wito huo una haki yake, lakini kwenye vichaka vilivyozoeana na moto tangu kale, unaua kilicho hai. Anayetaka ushahidi azitazame mbegu.

Nazungumzia Rasi ya Afrika Kusini na vichaka vyake viitwavyo finbosi. Eneo hilo lina mimea ya aina zipatazo 9,000, na zaidi ya theluthi mbili ya aina hizo hazioti penginepo duniani. Moto hupita humo kila baada ya miaka kumi hadi ishirini hivi. Mingi ya mimea hiyo ikiungua hufa kabisa, mizizi na shina. Inayonusurika ni mbegu, na umbo lake limefuata kazi hiyo.

Chukua mbegu za Mimetes na Leucospermum, mimea ya jamii ya protea. Ni za mviringo, ngumu, zimevikwa nyama nyembamba yenye mafuta ambayo sisimizi huipenda mno. Sisimizi huiburuta mbegu hadi shimoni, huila ile nyama, na hapo hubaki punje ngumu, laini, inayoteleza, isiyo na pa kushikia wala kung'ata. Hawawezi tena kuitoa nje. Inakaa humo, chini ya udongo, panya wasiione na moto usiifikie.

Ceratocaryum argenteum, mmea unaofanana na matete, umekwenda mbali zaidi. Jamaa zake wengi wana mbegu nyeusi, laini. Zake ni za duara, za kahawia iliyokolea, zenye ganda la kukwaruza na harufu kali. Kwa umbo, rangi na harufu, ni mavi ya swala hasa! Dundu huzikuta, huziviringisha na kuzifukia, ingawa hawapati humo chakula wala pa kutagia mayai. Watafiti wa Afrika Kusini walilieleza jambo hili mwaka 2015, na mimi sijui mfano bora wa kuonyesha kwamba rangi ya mbegu si pambo.

Sasa niambieni, mlima wenye hazina kama hiyo chini ya ardhi umekufaje? Mimetes stokoei ilikwisha kutangazwa kuwa imetoweka duniani. Mwaka 1999 moto ukapita milima ya Kogelberg, na baadaye miche yake ikachomoza yenyewe. Hakuna aliyeipanda. Mbegu zilikuwa ardhini zikingoja.

Kinachoua vichaka hivi ni vitu visivyopigwa picha. Sisimizi wa Argentina, waliofika Rasi kwa shughuli za binadamu, huila ile nyama ya mbegu hapohapo juu ya ardhi na kuiacha punje wazi iliwe na panya. William Bond na Peter Slingsby waliyaandika hayo mwaka 1984. Misonobari iliyoletwa kutoka nje nayo imevamia milima, ikiinyima mimea ya asili mwanga na kunywa maji ya mito, hata serikali ikaanzisha mwaka 1995 mpango wa kuikata miti ya kigeni. Fedha za umma zinang'oa kile ambacho watu walikipanda kwa nia njema.

Sisemi moto ni mwema kila mahali. Ukirudi kabla protea hazijakomaa na kuzaa mbegu, ghala linabaki tupu. Kwenye Mlima Kilimanjaro, ambako vichaka vya juu ya msitu viliungua Oktoba 2020, moto wa mara kwa mara unaowashwa na watu ni hatari na lazima udhibitiwe. Hoja yangu ni kwamba jibu la mlima mmoja halifai kubebwa kwenda kwenye kila mlima.

Kwa hiyo ninyi mnaoandaa kampeni za kupanda miti, kabla ya kupakia miche kwenye gari ulizeni vichaka vilivyoungua ni vya mimea gani na moto wa mwisho ulipita lini, kisha subirini misimu miwili ya mvua. Mkikuta miche ya mimea ya asili imeanza kuchomoza, ya kwenu irudisheni kitaluni.