Laki Tatu za Bumu na Vibonyezo 25

Bumu likiingia, kila mtu hapa chuoni ana ugonjwa wake. Kuna wagonjwa wa simu, kuna wa viatu, kuna wale wanaohamia getoni na kununua subufa kabla ya godoro. Ugonjwa wangu mimi ulikuwa kinanda cha MIDI. Tangu muhula huu uanze nimefuatwa na watu wanne wanaotaka kuanza kutengeneza muziki chumbani, wananiuliza wanunue kinanda kipi. Kiukweli wote wanne walikuwa wameshachagua, walichotaka ni niwabariki. Sikuwabariki, na wawili hatusalimiani vizuri mpaka leo. Basi naandika hapa nimalizane na wote: kale kanada kadogo ka vibonyezo 25, kenye pedi zinazowaka taa, ambako kila mtu anakatamani akikaona mtandaoni, kwa wengi wetu siyo kinanda cha kuanzia.

Nasema hivyo kwa sababu ninako.

Nilikanunua Kariakoo mwaka wa kwanza, laki tatu kamili baada ya kubembelezana sana. Pesa yetu ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo nilitoa siku thelathini za kula na kulala nikazifunga kwenye boksi moja. Nilipigika, bwana. Kuna wiki nilikuwa naenda kwa mshkaji wangu saa ya ugali kama mtu aliyekuja kuuliza asainimenti. Lakini nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe haukuwa mbaya. Kwetu ni Mpanda. Mjomba wangu ni mwalimu wa kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini, ana daftari kubwa lenye jalada gumu, limejaa nyimbo alizotunga mwenyewe kwa nota, sauti zote nne. Hakuna hata wimbo mmoja uliorekodiwa. Kwaya ilishawahi kuchangishana kwenda studio mjini kwingine, hela ikaishia kwenye nauli na sare. Sasa mzee macho yanampungukia na vidole vya mkono wa kushoto vinamkaza asubuhi. Nikajiambia, likizo hii naenda na laptopu na kinanda, yeye anapiga, mimi nanasa, tunamaliza daftari.

Nikapanda treni hadi Tabora, nikaunganisha ya Mpanda kupitia Kaliua, kale ka tawi ka reli ambako wakoloni walikajenga kufuata madini ya risasi. Boksi nilipakata njia nzima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, karibu nyumbani. Haya, kiko wapi hicho kinanda?"

Nikakitoa. Akakitazama, akakigeuza, akatafuta upande mwingine kama vile kuna kipande kimesahaulika ndani ya boksi. Akaniuliza taratibu, "Mjomba, haka katoto mama yake yuko wapi?"

Alijaribu, ili asinivunje moyo. Mkono wa kulia uliingia. Wa kushoto ukakosa pa kukaa. Vibonyezo vyenyewe ni vyembamba, kidole chake kimoja kilikuwa kinabonyeza viwili. Akapiga mistari miwili ya wimbo wake mwenyewe, akakosea mara tano, akanyanyuka akasema ana kikao. Hakikuwepo kikao chochote.

Hesabu yake ni rahisi, na ningeifanya kabla sijatoa hela ningekula vizuri mwezi ule. Oktava moja ina vibonyezo 12. Vibonyezo 25 ni oktava mbili tu. Wimbo wa kawaida wa kwaya, kuanzia besi ya chini kabisa mpaka soprano ya juu, unapita oktava tatu. Hauingii, hata ukiusukuma. Mtakuja na hoja kwamba kuna kitufe cha kupandisha na kushusha oktava. Kipo. Ila ukikibonyeza, kinanda chote kinahama, na mikono yako yote miwili inahama nacho. Hakikupi besi ya chini na soprano ya juu kwa wakati mmoja. Vibonyezo 49 ni oktava nne, wimbo unaingia na nafasi inabaki. 61 ni oktava tano, hapo una anasa kidogo. 88 ni piano kamili. Mwachie mwenye nyumba yenye sebule.

Kabla sijaendelea, nieleze kitu kimoja ambacho wauzaji hawakielezi na sisi hatuulizi. Kinanda cha MIDI hakina sauti ndani yake. Ukikichomoa kwenye kompyuta ni ubao. Kinachosafiri kwenye waya ni namba: kibonyezo namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachiwa. Namba za noti zinaanzia 0 hadi 127, ile do ya katikati ya piano ni 60, na nguvu ya kidole nayo inahesabiwa hadi 127. Utaratibu huu ulikubaliwa mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland kuwashawishi watengenezaji wa vinanda waliokuwa wanashindana waongee lugha moja. Miaka arobaini imepita na lugha ni ileile. Ndiyo maana kinanda chakavu cha zamani bado kinaelewana na laptopu ya leo, na ndiyo maana sauti nzuri unazozisikia kwenye video ya tangazo hazitoki kwenye kile kinanda. Zinatoka kwenye kompyuta ya mwenye video. Ukinunua kinanda ukitegemea sauti ile, umenunua mpini ukidhani ni jembe.

Kwa hiyo cha kuangalia ni vidole vyako, siyo taa. Je, vibonyezo ni vya upana wa kawaida? Je, vinasikia nguvu ya kidole? Hili la nguvu muhimu sana, kwa sababu bila hilo huna tofauti na kutumia kibodi ya kompyuta, ambayo FL Studio inakuruhusu kuipiga kama kinanda bila kulipa senti. Kuna wanaofanya hivyo, na wanatoa biti kali. Singeli, ule muziki wa uswahilini Dar unaokimbia biti 200 kwa dakika na zaidi, umejengwa na vijana wenye kompyuta za kawaida kabisa, na mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso ukatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, dunia ikasikia. Kama muziki wako ni wa kupanga vipande kwa mausi, tunza laki tatu yako, endelea kula.

Angalia pia gurudumu la kupinda sauti, lile la pembeni kushoto. Vinanda vidogo vingi vimeliondoa au vimeweka kijiti kama cha gemu. Sisi tuliotoka Katavi tunalihitaji. Mpanda utasikia nyimbo za Kikonongo, za Kibende, za Kifipa, na za Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na sauti za waimbaji wale hazikai juu ya vibonyezo. Zinateleza katikati yake. Piano haina noti hiyo. Gurudumu linakukaribisha.

Halafu waya. Mtacheka, lakini hili ndilo la kwanza ninaloangalia siku hizi. Kuna vinanda vinavyotumia waya uleule wa printa, ule wenye kichwa cha mraba. Ukikatika Mpanda, unaingia stationeri yoyote unapata mwingine. Vingine vina vitundu vidogo vidogo ambavyo vinalegea ndani ya mwaka, na fundi wa kuvichomelea mpaka umtafute. M-Audio Keystation 49, kwa mfano, ni cha waya wa printa, vibonyezo vya upana wa kawaida, magurudumu mawili, hakina pedi hata moja. Kinaboa kukitazama. Hicho ndicho ninachowaambia watu.

Umeme nao una la kusema. Nimekulia Mpanda ya majenereta ya dizeli, mji ambao kwa miaka mingi haukuwa kwenye gridi ya taifa, na ukikulia hivyo hununui kitu bila kuuliza kinakula nini. Kinanda cha MIDI cha USB kinakula kutoka kwenye laptopu, kidogo sana. Umeme ukikatika, unaendelea mpaka betri iishe. Kama betri ya laptopu yako ilishakufa, hela yako ya kwanza iende huko, siyo kwenye kinanda. Na kama huna laptopu kabisa, vinanda vingi vya sasa vinakubali simu ya Android kwa waya wa OTG, ingawa simu ya bei ndogo itahema.

Kuna lawama nyingine ambayo vinanda vinaonewa. Unabonyeza, sauti inakuja baadaye, unasema kinanda kibovu. Mara nyingi kosa liko kwenye kompyuta, inakusanya sauti nyingi mno kabla ya kuitoa. Ikikusanya sampuli 2,048 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, tayari umechelewa milisekunde 46, unasikia kabisa. Ukishusha mpaka 256 zinabaki kama 6. Kwenye Windows, programu ya bure inayoitwa ASIO4ALL husaidia sana hapo. Nimeona mtu akiuza kinanda kizima kwa hasara kwa tatizo la dakika tano.

Turudi Mpanda, maana sijamaliza. Kanada kalikaa juu ya kabati wiki mbili. Siku moja kabla sijaondoka nilikwenda mazoezini kwa kwaya, nikawa nimekaa nyuma ya kile kinanda chao kikubwa cha Yamaha, kile cha kusindikizia misa, nikaona nyuma yake kitundu cha mraba kimeandikwa USB TO HOST. Nimekiona kinanda kile tangu nikiwa mdogo wa kubeba mabuku ya nyimbo. Sikuwahi kutazama mgongoni. Vibonyezo 61, vya upana kamili, vinasikia nguvu ya kidole, na kilikuwa kinaweza kuongea na laptopu yangu siku zote. Kilichokosekana ni waya wa printa.

Likizo iliyofuata sikubeba kitu zaidi ya huo waya. Kazi ikawa kumshawishi mwenyekiti wa kwaya, ambaye alidhani "kuunganisha na kompyuta" ni kutoa kitu ndani ya kinanda na kuondoka nacho. Mjomba akamwambia, "Anachukua namba tu, sauti inabaki." Sijui kama mwenyekiti alielewa, mimi nilielewa kwamba mzee alikuwa amenisikiliza. Tukapewa jioni tatu. Akapiga nyimbo sita. Alipokosea hatukurudia wimbo. Nilisogeza noti moja baadaye, na kwa mtu ambaye vidole vinamkaza hilo peke yake lilikuwa muujiza. Wimbo wa dakika nne ukirekodiwa kama sauti ya kawaida isiyobanwa ni megabaiti arobaini. Kwa MIDI ni kilobaiti chache. Nilizituma zote kwa WhatsApp kwa bando la jero, kwa mwenzangu aliyebaki chuoni, akaanza kuziwekea sauti za fidla kabla sijafika Tabora.

Daftari lina nyimbo zaidi ya hamsini. Sita siyo nyingi, na mkono wa mzee haungoji ratiba ya mitihani yetu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, anza kwa kutazama mgongo wa kinanda kilichopo karibu nawe: kanisani, shuleni ulikosoma, kwa jirani aliyeacha kupiga. Ukiona USB TO HOST, au vitundu viwili vya duara vyenye vishimo vitano ndani vilivyoandikwa MIDI, uko nusu ya safari. Hivyo vya duara vinahitaji waya wake maalumu, na nyaya za bei chee sana hupoteza noti njiani, kuwa makini. Ukikosa kabisa, nunua 49. Mtu wa chumba mwenzangu anabisha, anasema kwenye hosteli ya watu wanne kitu cha sentimita 80 hakina pa kulala, na pedi zinamfurahisha akigonga ngoma. Kwenye nafasi ana haki, meza zetu nazijua. Kama wewe ni mgonga ngoma tu na unalala juu ya boksi lako, chukua kadogo, hatutagombana.

Serikali ya wanafunzi nayo naiomba kitu. Kila mwaka tunakodi muziki wa sherehe kwa hela ambayo ingenunua vinanda viwili vya 49, vikakaa ofisini kwenu, mtu akaazima kwa kitambulisho kama tunavyoazima mipira. SUA sasa wana Kampasi ya Mizengo Pinda hukohuko Katavi, na huko nako kuna wanafunzi wenye nyimbo vichwani na hakuna Kariakoo ya karibu. Tukianza sisi, na wao watatuuliza tulifanyaje.

Kanada kangu kako getoni, kanauzwa. Laki moja na nusu, maelewano yapo. Pedi zote nane zinafanya kazi, maana sikuwahi kuzigusa.