Tuanze na Dizeli Safi, Kisha Beseni la Sauti

Ndugu Wanachama,

Nawaandikia maneno haya nikiwa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, nilikokuja kwa arusi ya jamaa yangu. Huku hakuna karafuu. Kuna mahindi, na kuna kahawa ya Mbinga, na vyote hushuka kwa malori mpaka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Penye malori mengi hapakosi mafundi, na kwa fundi mmoja wa hapa nimeiona kwa macho yangu ile mashine iliyotugawa katika mkutano wetu uliopita, yaani beseni la kusafishia vyuma kwa sauti.

Mtakumbuka kuwa baadhi yenu walisema chama kilinunue mara moja, na wengine wakasema huo ni ujanja wa kutoa watu fedha. Mimi siku ile nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na ujuzi wa jambo lenyewe. Sasa nimejua kidogo, na haifai kukificha hicho kidogo.

Sababu ya maneno yote haya ni lori letu. Msimu uliopita lilisimama siku tatu katikati ya mavuno, likitoa moshi mweusi wala halina nguvu ya kupanda kilima. Kila mmoja wetu ajua maana ya siku tatu. Karafuu mbichi ikilala katika magunia hupata moto, huvunda, na hata ukija kuianika haipati tena rangi yake. Waliopata hasara hawakuwa wavivu. Walichuma na kuchambua kama desturi, ila gari halikufika. Tena fundi tuliyemwita akayachokoa matundu ya nozeli kwa waya. Matundu hayo ni membamba kuliko sindano ya kushonea. Waya uliyapanua, dizeli ikawa yamwagika badala ya kupulizwa, na tukalazimika kununua nozeli mpya.

Sasa nieleze beseni hilo lafanyaje kazi. Kwa nje ni chombo cha chuma kisichoshika kutu, chenye maji yaliyotiwa sabuni yake maalumu. Chini ya sakafu yake vimegandishwa visahani vya kauri. Kauri hii ina tabia ya ajabu: ukiipitishia umeme hutanuka na kunywea. Tabia hiyo ilithibitishwa katika mawe ya fuwele na ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1881. Umeme ukigeuka mara 40,000 kwa sekunde, visahani navyo hutikisika mara 40,000. Sikio la binadamu husikia mpaka mitikisiko 20,000 hivi tu, kwa hiyo sauti yenyewe hatuisikii. Tusikiacho ni mvumo mdogo kama wa nyuki.

Sauti hiyo ikipita majini huyasukuma maji na kuyavuta. Yakisukumwa hubanwa, yakivutwa hulegea, na katika kule kulegea huzuka vipovu vidogo mno kwa maelfu. Mfano wake ni chupa ya soda: ukiifungua, kanieneo hupungua na mapovu hutokea, wala hukuichemsha. Lakini vipovu vya beseni havipandi juu kwa starehe. Maji yakibanwa tena, kila kipovu hufinywa na kupasukia ndani kwa nguvu kubwa, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho joto lake la ndani hufika maelfu ya digrii. Chombo hakiungui, kwa kuwa kipovu ni kidogo sana. Ila uchafu ulioganda pale karibu hung'olewa kama unaopigwa nyundo ndogo zisizohesabika, na maji huingia hata katika tundu lisilofikiwa na brashi wala waya.

Wenye mashua za injini wameshaiona nguvu hii bila ya kuijua jina. Rafadha ikizunguka kwa kasi hufanya vipovu vya namna hiyo hiyo, navyo huitoboa chuma chake vishimo vishimo. Mwaka 1917 mtaalamu wa Kiingereza, Lord Rayleigh, alipiga hesabu ya nguvu ya kipovu kinachofinyika, kwa ajili ya kadhia hiyo hiyo ya rafadha za meli. Kinachoharibu meli, kikipimwa vizuri, chasafisha nozeli.

Basi wasemao kuwa ni ujanja wamekosea. Nimeona nozeli zikiingia nyeusi kwa masizi na kutoka zang'aa. Kabureta za mashine zetu za kufyekea majani, zinazogandwa na petroli iliyokaa miezi, nazo zaweza kusafishwa hivyo.

Lakini wasemao kuwa mashine hii ni dawa ya kila ugonjwa nao wamekosea, na ndio ninaowaogopa zaidi. Beseni huondoa uchafu. Halirudishi chuma kilicholika. Nozeli iliyopanuliwa kwa waya itatoka safi na bado ni mbovu. Ndiyo sababu fundi wa hapa, baada ya kuosha, huifunga nozeli katika pampu ya kupimia akatazama inavyopuliza. Asiye na pampu hiyo ameosha tu, hajatengeneza. Tena kazi ina adabu zake. Tope na mafuta mazito huondolewa kwanza kwa mkono. Maji hupashwa moto, digrii 50 au 60 hivi. Chombo hutiwa katika kikapu cha waya kisiguse sakafu ya beseni. Petroli haitiwi humo kabisa, maana itawaka moto. Aluminiamu haiachwi muda mrefu katika sabuni kali, kwa kuwa hubadilika rangi na kulika. Mwisho chuma husuuzwa, hukaushwa na kupakwa mafuta, ama sivyo kitashika kutu siku ile ile, hasa kwetu penye hewa ya bahari.

Na kubwa kuliko yote ni hili. Uchafu ule ulitoka wapi? Fundi aliniuliza swali hilo nami nikaona haya kumjibu. Dizeli yetu twaiweka katika madumu ya kila namna, jingine jana lilikuwa na maji. Twaimimina bila ya kitambaa. Chujio hubadilishwa gari linapokataa kuwaka, na maji yanayotuama chini ya tangi hayamwagwi. Tukinunua beseni leo na madumu yakabaki vile vile, tutakuwa tunaosha nozeli zile zile kila mwezi, na kuita huko maendeleo.

Rai yangu, nitakayoileta mbele ya mkutano, ni hii. Kwanza, kabla ya msimu tununue pipa moja safi la dizeli lenye bomba na chujio, na akabidhiwe mtu mmoja mwenye daftari. Pili, nozeli za lori zipelekwe sasa, lori likiwa halina kazi, kwa fundi mwenye beseni na pampu ya kupimia vyote viwili. Tatu, msimu ukipita salama ndipo tuzungumze juu ya beseni letu wenyewe. Siku hiyo muuzaji asituonyeshe taa zinazowaka tu. Tutumbukize karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya maji kwa nusu dakika. Ikitoka imetobolewa vitundu kila upande, mashine ni nzima. Ikitoka kama ilivyoingia, tumrudishie mali yake.

Najua wako watakaosema katibu amekwenda bara akarudi na woga. Si woga. Fedha za chama zimetoka katika mikono iliyopanda mikarafuu, na mikono hiyo yastahiki kuulizwa kabla ya kutumiwa. Mwenye rai iliyo bora kuliko hii na ailete mkutanoni. Nitaiandika kwa mkono wangu na kuifuata.

Wassalaam,
Katibu wenu