Madungu Mawili

Miongoni mwa vitu vya shamba ambavyo watu wenye elimu huvidharau kabla ya kuvitazama, dungu limepata fungu kubwa. Dungu ni jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya fito na paa la nyasi, ambapo mlinzi wa shamba hukaa mchana akiamia ndege, na hukesha usiku akingoja nguruwe. Husemwa kwamba ni kazi ya mikono isiyojua msumari. Kwamba ni alama ya umaskini. Kwamba maendeleo yatakapoenea Sikonge, Urambo na Kaliua, litatoweka lenyewe kama umande wa asubuhi. Aghalabu maneno haya husemwa na watu ambao hawajapata kuinua shoka kwa ajili ya nguzo moja. Ni maneno ya dhuluma, na dhuluma yake hudhihirika mara mtu akitazama dungu la pili, lisimamalo katika misitu ile ile ya magharibi ya Tanzania, wala halichekwi na mtu.

Dungu hilo la pili ni la mwindaji mwenye kibali. Katika vitalu vya uwindaji wa kitalii, chui hafukuzwi, huviziwa. Chambo hufungwa juu ya tawi, mahali ambapo chui akipanda umbo lake litapambanuka na mwanga wa jioni. Kwa mbali kidogo hujengwa kibanda cha kuvizia, pengine chini, pengine juu ya nguzo au penye panda ya mti, kikazibwa kwa nyasi na matawi, yakaachwa matundu mawili: moja la jicho na moja la bunduki. Chui asipokuja, kibanda huvunjwa kikajengwa penginepo. Mwindaji bingwa huamuru; wakataji wa miti, wafungaji wa kamba na wahamishaji wa kibanda aghalabu ni vijana wa vijiji vya jirani, yaani watoto wa wenye madungu. Ufundi ni ule ule, na mikono pengine ni ile ile. Walakini kazi hii ikifanywa kwa ajili ya mgeni huitwa utaalamu. Ikifanywa kwa ajili ya mtama wa mjane huitwa ushamba.

Jambo hili halikuanzia Tabora wala halikuishia hapo. Huko Ujerumani, pembeni mwa misitu na mashamba, husimama vibanda virefu vya mbao vyenye ngazi, na mtu mwenye heshima zake hukaa humo alfajiri akingoja kulungu wa kwao. Huko Marekani visanduku vya kuwindia huuzwa madukani vikiwa na madirisha na miguu yake, na wenyewe hushindana kwa maarifa ya kuviinua bila ya kupinduka na kuvihamisha kwa gari la kukokotwa kutoka uwanda huu hadi ule. Hakuna profesa wa huko aliyesema kwamba sanduku juu ya miguu minne ni dalili ya akili kudumaa. Kwa nini basi fito na kamba za Unyamwezi zihukumiwe peke yao?

Na atazamwe mjenzi wa dungu akiwa kazini. Huanza kwa kuchagua mahali, wala hachagui kwa kubahatisha. Lazima ajue upepo wa usiku unatoka wapi, kwa sababu nguruwe huona kidogo na kunusa sana. Dungu likisimama upande uletao harufu ya mtu njiani kwao, watazunguka na kuingia kwa mgongo wa shamba. Lazima ajue wanyama hutokea wapi, bondeni au kwenye vichuguu. Kisha huchagua nguzo nne zenye panda. Mchwa ndio adui wa kwanza wa dungu, kabla ya nguruwe na kabla ya nyani. Mti mwororo hauvuki msimu. Mninga ungefaa, lakini mninga ni mti wa mbao wenye thamani na wenye sheria yake, haukatwi kwa ajili ya kuamia ndege; hivyo hutafutwa mti mwingine mgumu, na aghalabu miguu yake huunguzwa kwa moto kabla ya kufukiwa. Juu ya panda hulazwa mihimili, juu ya mihimili hupangwa fito, na vyote hufungwa kwa kamba za magome ya miombo, zilizovuliwa zingali mbichi ili zikikauka zikaze. Hapo msumari ungekuwa hasara: hupasua ufito, hushika kutu, na siku ya kuhama haufunguki.

Urefu nao una hesabu yake. Dungu fupi humezwa na mahindi yakishatoa mbelewele, na mlinzi haoni ila majani. Dungu refu kupita kiasi huyumba kwa upepo, na mlinzi mwenye usingizi akiteleza kwenye ngazi shamba limepoteza mlinzi na nyumba imepoteza mtu. Tembo akija, dungu si ngome. Aliyeko juu hupiga debe na kupaza sauti, na mwenye busara hupanga njia ya kukimbilia siku ile ile anayopanga nguzo.

Wakosoaji hulitazama dungu kama nyumba mbovu, wakasahau kwamba halikukusudiwa kuwa nyumba. Limekusudiwa kuhama. Mahindi ya karibu na kaya hukomaa mapema. Mpunga wa mbugani huwa na wakati wake, na mtama una wakati wake. Kila zao likiiva, hatari huhama pamoja nalo, na dungu hufuata hatari. Paa huinuliwa zima na watu wanne mabegani, kamba hufunguliwa, nguzo zilizo nzima hung'olewa na zilizoliwa huachwa ziwe kuni. Kitu kinachovunjwa asubuhi kikasimama tena jioni, pasipo kupoteza ila vipande vya kamba, hakistahili kuitwa kibovu. Heri wachora ramani za majumba wakajifunze hapo hesabu ya kutopoteza.

Historia nayo imeshiriki katika dhuluma hii. Kila mwanafunzi ameambiwa habari za njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Ameambiwa kwamba Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857, na kwamba Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872. Wageni huonyeshwa tembe la Kwihara hata leo. Shamba lililolisha tembe halionyeshwi. Pembe za ndovu zimehesabiwa katika vitabu, watumwa na wapagazi wameandikwa, lakini nafaka imepitwa kama kwamba iliota yenyewe njiani. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Msafara wa watu 1,000, na misafara ya namna hiyo ilikuwako, ulikula vibaba 1,000 kwa siku, yaani pishi 250. Ukipumzika Unyanyembe siku 30 ulimaliza pishi 7,500, mbali na shehena ya kuvukia Mgunda Mkali kwa wanaoelekea pwani. Nafaka yote hiyo ilikuwa imekwisha kunyang'anywa midomoni mwa ndege, nyani na nguruwe kabla ya kufika sokoni. Wazee husema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Historia ya njia ile imewakumbuka walaji.

Kisha ikaja sheria. Mtemi Isike alikufa mwaka 1893 katika vita vya kuikataa serikali ya Wajerumani, na miaka 3 baadaye, mwaka 1896, gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai kibali na kutenga maeneo ya wanyama. Serikali zilizofuata zimebadilisha mengi, lakini mgawanyo wa watu wawili umebaki: mwenye karatasi na asiye nayo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Maneno mazuri. Lakini mali ya umma ikila mali ya mtu mmoja usiku, hasara ni ya nani? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo, yakapimwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa Kiswahili yakaitwa kifuta jasho, na ya mtu aliyeuawa yakaitwa kifuta machozi. Mwanafunzi wa lugha asiyapite majina haya kwa haraka. Hayakuitwa fidia. Fidia hudaiwa, na mwenye kudai husimama wima. Kifuta jasho hutolewa kwa huruma, na anayepewa hushukuru. Neno limechaguliwa kwa uangalifu, na limemtoa mkulima katika haki likamtia katika hisani.

Ipo hoja moja ya wakosoaji yenye nguvu, nayo haifai kufichwa. Wanasema kwamba anayeketi juu ya dungu mara nyingi ni mtoto, na mtoto aliye dunguni hayumo darasani. Ni kweli, na ni aibu. Lakini dawa yao, kuliondoa dungu, humrudisha mtoto darasani akiwa na njaa, na mwisho wa mwaka baba yake hana gunia la kuuza wala sare ya kununua. Dawa ni kumshusha mtoto na kumpandisha mtu mzima kwa zamu inayojulikana, na zamu hiyo kuhesabiwa kuwa kazi yenye ujira kama ya vijana wanaojenga vibanda vya kuvizia chui. Mahali palipopatikana fedha za kumlinda chui hapakosi fedha za kulinda mpunga uliopakana naye.

Wasomi wa Kiswahili nao hawana pa kujificha. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ililijua dungu, ikaujua ulingo kuwa mahali pa kulindia mazao. Leo mwanafunzi akiulizwa ulingo ni nini, hutaja ndondi, kisha siasa, mpunga haumjii. Kuamia hakujui kabisa. Maneno ya sehemu za dungu, ya mafundo ya kamba zake, ya namna za kulihamisha, yamo vinywani mwa watu wa Ugunda na Ukonongo, na kila mwaka watu hao hupungua. Watafiti hupita Tabora kwa garimoshi wakielekea Kigoma, au hurudi pwani kutafuta tungo ambazo zimekwisha kuhaririwa mara tatu. Mavuno ya mpunga yakikaribia, madungu yanaonekana tangu barabarani, na mwenye dungu hakatai mgeni aliyekuja na daftari, maadamu awe tayari kukesha.