Watazamaji milioni 133, malalamiko 125: wewe unamsikiliza nani?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naanzia uwanjani.

Kila msimu mpya wa ligi ukikaribia, Simba Day na Wiki ya Mwananchi zinatuletea mambo yale yale. Msanii anapanda jukwaani kabla ya mechi, nchi nzima inatazama kwenye TV, na kesho yake kila mtu ni mchambuzi. Mara sauti mbovu, mara nyimbo za zamani, mara kavaa nini yule. Hapa Tabora ubishi unaanzia kwenye vibanda umiza na kuishia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa tuangalie shoo kubwa kuliko zote za aina hiyo. Marekani wana Super Bowl, fainali ya mpira wao, na wakati wa mapumziko hupigwa muziki kwa dakika kama 13. Tarehe 9 Februari 2025 zamu ilikuwa ya Kendrick Lamar, huku kwetu ni alfajiri ya Jumatatu. Watazamaji walihesabiwa milioni 133.5, rekodi kwa wakati ule. Wachambuzi wengi walimsifu. Mtandaoni wengine wakasema hawakuelewa maneno, wengine hakupiga nyimbo wanazozijua. Malalamiko rasmi yaliyofika mamlaka ya mawasiliano ya kule? Kama 125 tu. Piga hesabu: lalamiko 1 kwa kila watazamaji milioni 1 na kidogo.

Hapo ndipo wengi wetu tunaumia. Unaposti asali, watu 800 wanaona, watatu wanakomenti vibaya, na wewe unafuta posti. Wale 797 hukuwauliza. Na labda wanne kati yao walikuwa wanatafuta hela ya kukutumia.

Ila sikubaliani na wanaosema "puuza wote, hao wana wivu". Mwaka 2004 shoo ya Janet Jackson na Justin Timberlake ilileta malalamiko zaidi ya 500,000. Mwaka uliofuata waandaaji wakamchukua Paul McCartney, mtu asiye na utata. Kelele zikiwa nyingi kiasi hicho, lazima ubadilike.

Na kutazamwa siyo kuuza. Mwaka 2023 Rihanna alipiga shoo hiyo hiyo. Ligi huwa inagharamia maandalizi, haimlipi msanii ada kubwa. Katikati ya wimbo akatoa poda ya kampuni yake ya Fenty, akajipaka sekunde chache, akaendelea. Kuna waliosema shoo imepoa. Sawa, lakini yeye alijua anaongea na nani: mtu anayenunua poda.

Mji wetu unalijua hili tangu zamani. Misafara kutoka Bagamoyo ilipokaribia Tabora, watu walivaa vizuri, bendera ikatangulia, ngoma na bunduki zikalia, mji ukatoka kutazama. Biashara ile siisifii, maana pamoja na pembe za ndovu iliuza na binadamu. Lakini somo lake lipo: shoo ikiisha, mezani kulibaki kitambaa cha merikani na shanga. Kila eneo lilitaka rangi yake ya shanga. Ukibeba rangi isiyotakiwa, umeibebesha mizigo safari nzima bure, hata kama mji mzima ulikushangilia ulipoingia.

Kwa hiyo mimi kila komenti naipitisha kwenye maswali matatu:

1. Huyu amenunua, au anaweza kununua? Aliyepokea dumu limevuja ana uzito kuliko watu kumi wanaosema lebo yako mbaya.

2. Wangapi wamesema kitu hicho hicho? Mmoja ni ladha yake. Watano wakisema mzigo unachelewa, tatizo liko kwako.

3. Hili ni la kurekebisha au la kueleza? Mfuniko unaovuja, badilisha. Akisema "asali yenu imeganda, mmeweka sukari", mweleze kwa upole kwamba asali halisi nayo huganda, aweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu italainika. Jibu moja zuri linasomwa na wote waliokuwa na shaka hiyo hiyo wakanyamaza.

Biashara ndogo hazifi kwa bidhaa mbovu peke yake. Nyingine zinakufa kwa sababu mwenyewe kaogopa kuposti tena baada ya maneno ya mtu ambaye hata hakuuliza bei. Usimpe mtu huyo duka lako.

Wewe ni komenti gani ya mteja iliyokufanya ubadilishe kitu, na mauzo yakapanda? Tuandikie hapo chini, wengine wajifunze.