Unene Uliokithiri: Tusimlaumu Mgonjwa Peke Yake

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la juu la damu, mgonjwa mnene huambiwa neno lilelile kila anapohudhuria: "Mama, punguza kula." Huitikia kwa adabu, huchukua dawa zake na kuondoka. Baada ya miezi mitatu hurudi na uzito uleule, au haonekani tena. Nasi humhesabu kuwa mkaidi. Naamini tunakosea, na kosa letu linawafukuza wagonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya nchini Tanzania wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kiwango hicho kimepanda. Taifa haligeuki kuwa la walafi katika muda mfupi namna hiyo. Kilichobadilika ni mazingira.

Tuitazame siku ya mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam. Hutoka alfajiri kuwahi daladala, hushinda ameketi dukani, na jioni humalizia safari kwa bodaboda hadi mlangoni. Amechoka, na mkaa ni ghali. Chakula kilicho karibu ni chipsi mayai na soda. Soda moja ya mililita 350 huwa na takribani gramu 35 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 8 vya chai. Nyumbani, sembe imechukua nafasi ya dona, na nyuzinyuzi zimebaki mashineni pamoja na pumba. Uwanja waliochezea watoto umejengwa fremu za maduka.

Yapo pia macho ya jamii. Anayenenepa husifiwa kuwa amenawiri. Anayepungua hunong'onwa kuwa ana UKIMWI. Mgonjwa anayefuata ushauri wetu huenda akaulipia kwa heshima yake mtaani.

Itasemwa kwamba wengi huishi hivyo bila kunenepa. Ni kweli: vinasaba hutofautiana, na kila mtu ana wajibu wake. Lakini mwili wenyewe hupinga kupungua. Mafuta ya mwili yakipungua, homoni ya leptini hushuka, njaa huongezeka na matumizi ya nishati hupungua. Aliyerudi na uzito uleule huenda alipambana kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo, wahudumu wenzangu, kabla ya kuhukumu tuulize: unakula wapi mchana? Nani hupika nyumbani? Unafikaje kazini? Majibu yatatuonyesha hatua moja inayowezekana: maji badala ya soda, dona badala ya sembe, kushuka kituo kimoja kabla na kutembea. Nazo halmashauri zilinde viwanja vya wazi na njia za waenda kwa miguu, kwani hizo nazo ni tiba.

Nawe mgonjwa, usione haya kurudi kliniki. Mwenye kilo 100 akipungua kilo 5 tu, sukari na shinikizo la damu huanza kupata nafuu. Hukuunda peke yako mazingira yanayokunenepesha, wala hupaswi kuachwa upambane nayo peke yako.