Zombieland Haichekeshi Keroka

Kila mkianza ule mjadala wa filamu bora ya mazombi ya kuchekesha, najua utaishia wapi. Nusu watasema Zombieland, nusu Shaun of the Dead, halafu msee mmoja wa miwani atawaambia hamjui kitu, mkali wao ni One Cut of the Dead ya Wajapani, ya 2017. Ataongea kama mtu aliyehitimu. Mimi sikuhitimu, karo ilinishinda mwaka wa tatu nikarudi nyumbani. Lakini zote nimeziona, na nasema hivi: anayeiweka Zombieland juu ya Shaun hajawahi kulala kijiji ambacho mtu ameitwa mchawi.

Tulia kwanza, utanitukana baadaye.

Zombieland, ya 2009, ni tamu, sikatai. Woody Harrelson anazunguka Marekani nzima akitafuta Twinkies, vile vikeki vyake, na Columbus ana kanuni za kubaki hai zinazoandikwa kwenye skrini. Ila kinachoiendesha ni kitu kimoja: kuua ni raha. Kuna hata tuzo ya wiki ya aliyeua zombi kwa ustadi, na mtawa anaipata kwa kumdondoshea zombi piano. Sawa, nilicheka. Kisha anakuja Bill Murray akiigiza kama Bill Murray. Yuko hai kabisa. Amejipaka tu vipodozi vya zombi ili aweze kutembea nje bila kusumbuliwa. Anajaribu kumtania Columbus, Columbus anamfyatulia risasi. Mtu anakufa pale kwenye zulia, na waliomzunguka wanabana vicheko. Ameuawa kwa kufanana.

Sasa njoo Kisii. Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto na vijana waliotembea nyumba hadi nyumba wakiwa na orodha ya majina. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma zile zile za uchawi. Kwetu huhitaji vipodozi ili ufanane na omorogi. Macho mekundu ya moshi wa kuni yanatosha. Kuzika watoto wako wewe ukabaki kunatosha. Shamba ambalo mpwa wako analitamani, hilo ndilo linatosha zaidi.

Utaniambia ni filamu tu, mazombi hawako. Kwani wale wachawi wa kwenye orodha walikuwako? Orodha ndiyo ilikuwako, na mafuta ya taa.

Edgar Wright na Simon Pegg walilielewa jambo hili mwaka 2004, sijui kwa bahati au kwa akili. Katika Shaun of the Dead, Shaun anamkataza rafiki yake Ed kulitamka lile neno la zombi. Ni utani, lakini una maana. Halafu kuna Barbara, mamake Shaun. Ameumwa na amenyamaza, hakutaka kusumbua watu. (Taja mama mmoja wa Nyamira ambaye hangefanya hivyo.) Ndani ya ile baa, David anataka apigwe risasi kabla hajageuka. Ubaya ni kwamba David ana hoja. Watu kama David huwa nayo. Shaun anasimama katikati, yuko tayari kupigana na marafiki zake wote, na hata mama anapoinuka akiwa amegeuka kweli, anafyatua bunduki huku analia. Hakuna wa kumpa tuzo ya wiki. Na mwishoni, Ed aliyegeuka anafungwa mnyororo kibandani, apewe michezo yake ya video acheze.

Little Monsters ya 2019 naiweka ya pili, na si kwa sababu Lupita Nyong'o ni wetu. Haya basi, kidogo. Lupita ni mwalimu wa chekechea, amelowa damu, anawaambia watoto ni jamu. Kuua anakuficha, hakufanyi shoo. Na wewe wa miwani, nakupa ya tatu: mazombi wa One Cut ni waigizaji waliopakwa rangi, na kila mtu pale anajua hivyo.

Nami sijasimama pembeni. Chuoni, kila nikisema natoka Keroka niliulizwa kama nakimbia uchi usiku. Nilijibu ndiyo, na kwamba mwendo nilifundishwa na nyanya. Hosteli nzima ilivunjika mbavu. Huo mzaha niliutumia miaka miwili, ulinipa marafiki na hata chakula. Nilimuuza magokoro wangu kwa chapati na maharagwe.

Mwaka huu nilitazama Shaun naye kwenye laptopu. Kiingereza hajui. Mle ndani ya baa aliuliza, "Huyo ndiye mama?" Nikasema ndiye. Akavuta kiti karibu. Zombieland ilipoanza alilala.

Tangu ile habari ya Marani, magokoro hatoki nje usiku peke yake. Choo kiko nyuma ya migomba. Ananiamsha, namulika na simu, anatembea polepole akiburuta mguu wa kushoto, na mimi namwongelesha kwa sauti kubwa njia nzima, majirani wasikie ni nani.